Mbuzi Watatu wa Emali

Kasyoka alikuwa amekuja Mombasa na kina mama wenzake wa kusuka vyondo, na tangu asubuhi walizunguka jumba la makumbusho ya usanifu wa kisasa wakitazama taa za vioo na vyungu ambavyo hakuna mtu wa Mbumbuni angethubutu kuvipikia. Umati ulikuwa mkubwa, na viatu vyake vyekundu vilimbana. Alipoona kiti kitupu karibu na dirisha linalotazama bahari, alijitupa juu yake.

"Madam, hicho si cha kukalia!"

Sauti hiyo aliifahamu. Aligeuka akamwona Ndolo, fundi wa vyuma wa Migwani, katika suti ya kijivu iliyomkaa sawasawa.

"Kumbe ni wewe," Ndolo alisema polepole. "Basi kaa tu. Hicho ni chako."

Kasyoka alitazama chini. Fremu ilikuwa ya Ndolo, lakini mkonge aliusuka yeye, siku zile penzi lao lilipokuwa bichi. Kwenye kibao ukutani majina yao yalikaa pamoja, la Kasyoka likitangulia. Hasira ikampanda.

"Huna haya? Unaweka jina langu hapa na uko na bibi nyumbani?"

"Bibi gani, Kasyoka?"

"Usinichezee! Nilikuona Emali na macho yangu. Umevaa suti, umepakia mbuzi watatu kwa pikapu. Hiyo si ntheo ulikuwa unapelekea msichana?"

Hapo usimlaumu. Ukambani, msichana akishapelekewa mbuzi wa ntheo, huyo ni mke wa mtu, hakuna cha kujadili. Jioni ile ile Kasyoka aliifungia namba ya Ndolo bila kumpa nafasi ya kusema neno.

Ndolo alitaka kucheka, akaona machozi, akajizuia. Alimpigia kaka yake na kuongeza sauti ya simu.

"Musyimi, wale mbuzi nilibeba Emali walikuwa wa nani?"

Mke wa Musyimi aliinyakua simu. "Walikuwa wangu, wa ntheo yangu! Ni Kasyoka anauliza? Dada, shemeji alikuwa dereva tu. Na vile alilia kwetu hiyo wiki ulimwacha, wazee wetu walidhani ananitaka mimi!"

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Kasyoka alifunika uso kwa leso. Aibu ilimshika, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu.

"Si ungekuja nyumbani uniambie?"

"Nilikuja mara mbili. Mama yako alisema umemkataza kunifungulia."

"Ni ukweli, nilimkataza. Nisamehe, mpenzi."

"Nitakusamehe ukinijibu. Nikikuletea mbuzi wako, utawarudisha?"

Kasyoka alitoa simu yake akampigia mama na kuongeza sauti.

"Mama, Ndolo akikuja Jumamosi na wazee wao, mfungulie."

"Huyo Ndolo tulifukuza?"

"Huyo huyo. Nilikosea, mama. Nampenda."

Vigelegele vililipuka kutoka Mbumbuni vikajaza ukumbi mzima, wageni wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani, na mlinzi aliyekuja mbio kuwanyamazisha akaishia kumpa Ndolo mkono wa hongera.