Ukoo wa Ua Lenye Madoa

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku alivua sare, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo akaruhusiwa kuingia kwenye kitalu cha shangazi yake. Shangazi hakuwa na mchezo na uchafu. Alikuza okidi, maua yanayodeka kuliko mtoto wa mwisho: jua likizidi yananuna, maji yakizidi yanaoza, na ukiyashika kwa mkono wenye mafuta yanakauka kama yamekususia.

Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kuketi mbele ya kompyuta kuukuu na kuingiza maelezo ya vibao vya plastiki vilivyochomekwa kwenye kila trei ya miche. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na programu ambayo Shangazi aliiita Karani. Okidi nyingi za pale zilikuwa mahuluti: mtu huchukua chavua ya ua moja, akaipaka kwenye ua jingine, na mbegu zikapatikana, kila uchavushaji na namba yake. Ukimwandikia Karani jina la mche, anakuchorea ukoo wake wote kwenye skrini, mama na baba, mabibi na mababu, mpaka yale maua ya mwituni yaliyouanzisha.

Jumatatu moja Chiriku alikuta kitaluni hakuna utulivu. Shangazi alisimama mbele ya trei moja, mikono kiunoni. Pembeni yake alikuwepo Mama Cherehani, fundi nguo wa mlango wa pili, ambaye hakukosa penye jambo hata kama ni paka kaanguka.

"Kuna nini?" Chiriku aliuliza.

"Njoo uone maajabu," alisema Mama Cherehani. "Miaka mitatu shangazi yako anangoja ua jeupe. Leo limefunguka. Tazama!"

Ua lilikuwa la manjano hafifu, limejaa madoa ya kahawia.

"Kibao kinasema mbegu namba kumi na nne," Shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Mama yake Theluji, baba yake Mbalamwezi. Weupe watupu! Chiriku, hebu muulize Karani."

Chiriku aliandika. Ukoo ukafunguka kwenye skrini kama mti uliopinduliwa. Walihesabu vizazi vitano, wakakagua kila jina. Hapakuwa na hata babu mmoja mwenye madoa.

"Basi hawa si watoto wa Theluji na Mbalamwezi," alisema Shangazi. "Kuna mtu amewabadilisha. Na Ijumaa mkaguzi wa chama cha wakuzaji anakuja kuandikisha ua langu jipya!"

Wote watatu waligeuka kutazama mlango wa chumba cha chupa. Humo ndimo alimofanya kazi Mjomba Kimya. Ndiye aliyechavusha maua yote ya kitalu, ndiye aliyeotesha mbegu ndani ya chupa, na ndiye mwenye ufunguo. Hakuwa mjomba wa mtu pale, ila kila mtoto alimwita hivyo kwa heshima. Alikuwa mtu wa maneno matano kwa siku, na matatu kati ya hayo ni salamu.

"Mimi simtaji mtu," Mama Cherehani alinong'ona, "lakini mtu asiyesema ana anachokificha. Na yule mkuzaji wa ng'ambo ya barabara, Bwana Kofia, si anatafuta miche mizuri kila siku?"

Shangazi alikata shauri. "Nikipata ushahidi kabla ya Ijumaa, Kimya anarudisha ufunguo na kwenda zake. Awe amefanya kazi hapa miaka kumi na moja au hapana."

Tangu hapo Chiriku akawa mpelelezi. Alimtazama Mjomba Kimya kwa jicho la pembeni, na kila alichokitazama kilimtia shaka. Mbona amefunga mlango wa chumba cha chupa kwa ndani? Mbona anapekua daftari lake la zamani, halafu analifunga akisikia hatua za mtu? Jumanne jioni alimwona akitoka na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Alimfuata kwa mbali, akijibanza nyuma ya ukuta wa kinyozi. Mjomba Kimya alivuka barabara, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia kwa Bwana Kofia!

Chiriku alikimbia moja kwa moja mpaka kwenye cherehani.

"Nimemwona kwa macho yangu! Na kikapu!"

"Nilisema mimi!" Mama Cherehani aliacha kushona kola ya watu katikati. "Kikapu kikubwa?"

"Kikubwa."

Kikapu hakikuwa kikubwa, lakini Chiriku alishanogewa. Akamwambia pia kinyozi, na muuza mkaa, na mama wa mapacha. Habari ilipotoka kwa muuza mkaa, Mjomba Kimya alikuwa ameuza trei tatu. Ilipofika kona ya pili, alikuwa ameuza kitalu kizima na kununua pikipiki. Jumatano alipopita kuelekea kazini, mazungumzo yalikatika barabara nzima. Aliwasalimia watu, wakamjibu kwa mkato.

Alhamisi mchana Chiriku aliketi mbele ya kompyuta. Shangazi alitaka ushahidi, na kikapu peke yake hakikutosha. Akawaza: badala ya kumuuliza Karani wazazi wa ua hili ni nani, kwa nini nisimuulize nani hapa kitaluni anaweza kuzaa madoa? Akatafuta mbegu zote zenye babu wa mwituni mwenye madoadoa. Karani alitoa jibu moja tu: mbegu namba kumi na saba, mama Theluji, baba Chui. Ilichavushwa wiki ile ile na namba kumi na nne.

"Haya, miche ya kumi na saba iko wapi?" alijiuliza. Akaangalia hesabu ya trei. Namba kumi na saba: hakuna. Namba kumi na nne: miche sitini.

Hapo akakunja uso. Mjomba Kimya alikuwa na mazoea yasiyobadilika: miche thelathini kwa kila namba ya mbegu, trei moja, basi. Hiyo sitini imetoka wapi?

Alizunguka kati ya meza mpaka akazipata trei mbili zenye kibao cha namba kumi na nne. Moja ilikuwa mwisho kabisa wa meza ya nyuma, maua yake bado hayajafunguka. Kibao chake kilikuwa kimeandikwa kwa penseli, mwandiko mdogo wa Mjomba Kimya. Nyingine ilikuwa hii yenye madoa. Chiriku alichomoa kibao chake na kukipangusa udongo.

Namba ilikuwa imeandikwa kwa wino wa zambarau, kubwa, imelalia upande mmoja. Kalamu ya zambarau ilikuwa yake. Mwandiko ulikuwa wake, wa darasa la tatu.

Alikumbuka yote. Ilikuwa likizo. Shangazi alimpa vibao vilivyofifia avikoleze wino. Kimoja kilikuwa kimefutika kabisa kwa maji ya mbolea. Mjomba Kimya alikuwa amemwambia, "Usipokisoma, niite." Lakini wenzake walikuwa langoni na kamba ya kuruka, wakimwita. Akachungulia trei ya jirani, akaona kumi na nne, akanakili, akakimbia kucheza.

Alitaka kukirudisha kibao mahali pake. Nani angejua? Ndipo akasikia sauti ya Shangazi kutoka mlangoni.

"Kimya, barabara nzima inasema umeuza miche yangu. Naomba ufunguo."

Mjomba Kimya alisimama na kikapu chake mkononi. Mama Cherehani alikuwa ameshafika, na nyuma yake kinyozi aliyesahau kuvua aproni.

"Mama," Mjomba Kimya alimwambia Shangazi taratibu, "nilikwenda kwa Bwana Kofia kulinganisha ua letu na Chui wake. Chavua ya Chui niliomba kwake. Nadhani nilikosea mimi mahali fulani. Nimepekua daftari siku tatu, sioni. Kama ni mimi, nitaondoka."

Alifunua kikapu. Ndani mlikuwa na ua moja tu lenye madoa, lile alilokwenda kulilinganisha, limefungwa kwa pamba yenye maji. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Shangazi, usiuchukue!" Chiriku alipaza sauti. Alikiinua kibao juu. "Ni mimi. Kibao hiki nilikijaza mimi, kwa kubahatisha. Na kikapu hakikuwa kikubwa."

Aliwapeleka kutoka meza moja hadi nyingine, akawaonyesha trei mbili, akawaonyesha hesabu ya Karani. Mama Cherehani alianza kutazama kucha zake.

Shangazi alimrudishia Mjomba Kimya ufunguo kwa mikono miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuhukumu kabla sijakuuliza." Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, nyumba zote ulizopeleka uongo, leo hii utapeleka ukweli. Mama Cherehani atakusindikiza, maana njia anaijua."

Walizunguka mpaka jua likaelekea kuzama. Kwa mama wa mapacha walilazimika kuanza mwanzo mara mbili, kwa sababu yeye alitaka kwanza kujua ile pikipiki ni ya rangi gani.

Ijumaa mkaguzi alifika. Shangazi hakumficha kitu. Alimwonyesha kosa na lilivyosahihishwa. Mkaguzi aliandikisha ua la madoa kwa ukoo wake wa kweli, akaahidi kurudi trei ya nyuma itakapochanua.

Alipoondoka, Chiriku alimfuata Mjomba Kimya kwenye chumba cha chupa, akasimama mlangoni, kichwa chini.

"Ingia," alisema Mjomba Kimya. Siku hiyo alisema maneno mengi kuliko mwezi mzima. "Mwanangu, kibao kilichofutika hakimdanganyi mtu. Kinasema sijui, na atakayekiona atauliza. Ulipokijaza kwa kubahatisha, watu waliacha kuuliza kwa miaka mitatu. Wiki hii na mimi mlinifanya hivyo hivyo. Hamkujua nabeba nini, mkanibandika jina la mwizi. Usipojua, sema hujui. Halafu njoo uniulize. Mimi sing'ati."

"Nimesikia, Mjomba."

"Na mimi nimesikia," alisema Shangazi, aliyekuwa amesimama nyuma yao.