Mafuta ya Mgando kwa Kiboko

Kila Jumamosi baada ya chai, nyumbani kwa Nesi Bernadeta kulikuwa na mgonjwa mmoja wa kudumu. Mgonjwa huyo hakukohoa wala kulalamika. Alikuwa pikipiki ya magurudumu manne, ambayo Nesi alipewa na zahanati ili apeleke chanjo kwenye vijiji vya ufukweni, upande wa Sengerema, ambako njia ni mawe matupu. Watoto wa kijiji waliipa jina la Kiboko, kwa sababu ilikuwa pana na ilipita kwenye matope bila kumwomba mtu ruhusa.

Agutu, binti wa Nesi, alikuwa darasa la sita na ndiye aliyekuwa msaidizi wa matibabu hayo. Mama alipima oili ya injini kwa kijiti chake, Agutu akashika kitambaa. Mama alijaza upepo kwenye matairi, Agutu akasoma kipimo kwa sauti. Kisha walikung'uta vumbi kwenye chujio la hewa, wakapaka mnyororo oili, wakakaza nati na kujaribu breki. Kila kazi iliyokwisha ilitiwa alama kwenye daftari lililoning'inia ukutani.

Jumamosi hiyo ya likizo Agutu aliamka na furaha kubwa. Mama alikuwa amemwahidi kwamba Jumatatu watakwenda pamoja mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, akamsaidie kuandika majina ya watoto watakaochanjwa. Alikuwa ameomba safari hiyo tangu mwaka jana. Lakini kabla hawajaanza kazi, Mama aliitwa zahanati kumsaidia mama aliyeshikwa na uchungu.

"Muoshe Kiboko, na mnyororo uupake oili kidogo," Mama alisema akivaa viatu. "Nati na breki nilizikagua jana jioni. Usiguse kingine."

"Sawa, Mama."

Agutu aliosha kwa bidii, akapaka mnyororo oili kidogo kama alivyoagizwa. Kiboko alipokauka juani, alimzunguka kama fundi anayejisifu. Mwili mwekundu uling'aa, lakini nyuma ya magurudumu ya mbele aliona diski mbili za chuma, za rangi ya kijivu, kavu, zenye mikwaruzo. Alizitazama kwa huruma. Kiboko alikuwa amepauka.

Sasa, katika nyumba ile kupauka kulikuwa kosa. Mama alikuwa na msemo wake: hakuna mtu anayetoka kwangu amepauka. Kila asubuhi alisimama mlangoni akikagua magoti na viwiko vya Agutu, na aliyekutwa na weupeweupe alirudishwa ndani kujipaka mafuta. Itakuwaje Kiboko aende mwaloni, mbele ya watu wote, na miguu iliyopauka namna ile?

Agutu aliingia chumbani akatoka na kopo la mafuta ya mgando. Alipenyeza mkono nyuma ya gurudumu, akapaka diski ya kwanza, akapaka na ya pili, mpaka zikang'aa kama magoti ya mtoto anayekwenda kanisani Jumapili. Aliporudi nyuma kutazama kazi yake, aliridhika kabisa.

Jioni Mama alirudi amechoka ila anatabasamu, kwa kuwa mtoto alizaliwa salama. Alimtazama Kiboko, akasifu. Baadaye alishika kopo.

"Agutu, mafuta haya nimeyanunua Jumatano. Yamekwenda wapi?"

Hapo ndipo Agutu alipoteleza. Alikumbuka maneno "usiguse kingine", akaona safari yake ya mwaloni ikipotea.

"Nimepauka sana siku hizi, Mama," alijibu.

Mama alimtazama magoti, akacheka, mambo yakaishia hapo.

Jumatatu asubuhi boksi la baridi lenye chanjo lilifika likiwa limechelewa. Mama aliharakisha kulifunga nyuma ya kiti. Mzee Kashindye, jirani yao aliyetengeneza injini za mitumbwi kwa miaka mingi, alikuja na kamba imara ya kusaidia.

"Shikamoo, babu," Agutu alisalimia. Kofia ngumu tayari ilikuwa kichwani.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo unakuwa karani?" Mzee aliivuta kamba huku akiendelea kuzungumza, maana mikono yake haikuweza kufanya kazi mdomo ukiwa umefungwa. "Nesi, umesikia ya Victor wa bodaboda? Jana oili imemmwagikia kwenye breki, naye akafuta juujuu akaondoka. Kufika mteremko wa mwaloni anakanyaga breki, wapi. Amekwenda kusimama katikati ya dagaa walioanikwa na watu. Mpaka leo ananukia dagaa."

Mama alicheka sana. Agutu naye alianza kucheka, kisha akageuka kuzitazama diski za Kiboko.

"Babu," aliuliza taratibu, "kwani breki haitaki mafuta?"

"Haitaki hata tone. Breki inasimamisha kwa kubana diski kavu. Ukiipaka mafuta, inateleza tu. Victor ana bahati, aliangukia dagaa. Angeangukia yale mawe, tungekuwa tunasema mengine."

Mama alikuwa ameshapanda. Aliwasha injini, Kiboko akanguruma. "Panda twende, kina mama wanasubiri na watoto wao."

Agutu aliogopa. Akisema, safari imekwisha, na Mama atajua kwamba alidanganywa. Akinyamaza, mteremko ule wa mawe uko mbele, na anayeshika usukani ni Mama. Alivua kofia, akaenda kusimama mbele ya Kiboko.

"Mama, zima. Mafuta yale sikujipaka mimi. Nilipaka breki. Niliona zimepauka, na ulipouliza nikakudanganya."

Injini ilizimwa. Mzee Kashindye alijitahidi kutunza uso wa mtu mzima, lakini mabega yake yalimsaliti, akageuka upande. Mama hakucheka. Alishuka, akapitisha kidole kwenye diski, akakitazama. Kiliteleza.

"Nina haraka leo," alisema polepole. "Nilikuwa naondoka bila kujaribu breki. Kosa hilo ni langu."

Mzee Kashindye alikwisha kutuma mtu amletee spana. Magurudumu ya mbele yalitolewa. Agutu alichemsha maji, akasugua diski kwa sabuni, kisha kwa spiriti, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka kitambaa kilipotoka kikavu na safi. Mzee alitoa brekipedi, vile vipande vinavyobana diski, akavipiga msasa. Alisema bahati yao Kiboko hajatembea tangu Jumamosi, la sivyo wangenunua vipya. Mama alimjaribu Kiboko uani mara tano. Kila mara alisimama papo hapo.

Mama aliitia breki alama kwenye daftari la ukutani, akarudi. Agutu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kofia mapajani.

"Umekaa kufanya nini? Karani wangu ni nani?"

Agutu alivaa kofia, akapanda.

Walipofika katikati ya mteremko wa mwaloni, Mama alikanyaga breki kwa makusudi. Kiboko alisimama kimya juu ya mawe. Chini yao ziwa lilikuwa linang'aa, na kina mama waliobeba watoto walianza kuwapungia mikono.

"Unaona hapa tulipo?" Mama aliuliza bila kugeuka. "Kuharibu kitu kwa kutojua hakunitishi. Kila fundi ameharibu. Kinachonitisha ni kitu kilichoharibika halafu aliyeharibu ananiambia ni kizima, kwa sababu hapo mimi ninapanda nikiwa na imani. Ukweli wako ulichelewa siku mbili, Agutu. Lakini ulifika kabla mimi sijafika hapa."

Agutu alimkumbatia kiuno kwa nguvu. "Sitakudanganya tena, Mama."

"Basi shika vizuri daftari la majina," Mama alisema, akaachia breki.