Goreth Alipoitikia Jina la Ezra

Wewe uliyepita chuoni, sema ukweli: ni mara ngapi umemwitikia mwenzio ambaye hayupo darasani? Basi sikiliza yaliyompata Goreth, halafu tuone kama utarudia.

Ilikuwa Juni 2011, Marshalltown, mtaa wa jijini huku kusini mwa Afrika, ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Chuo kilikuwa cha Dakta Herménégilde. Huyo bwana alisoma Marekani. Wenzake walirudi na magari. Yeye alirudi na kitabu kikubwa cha nidhamu cha chuo kimoja cha kule, cha mwaka 1857, pamoja na sheria zake zote na orodha za wanafunzi wa enzi hizo. Sala saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Majina yasomwe. Ukikosa mara tatu, nje. Ukibisha, unasimamishwa jukwaani. Wamarekani wenyewe walishayatupa mambo hayo, yeye akayaokota akayaita elimu. Hata orodha yetu sote, les pauvres, maskini sisi, aliiandika kwenye kurasa tupu za mwisho za kitabu hichohicho.

Goreth, Mrundi aliyepanga chumba mtaa wa Bellevue, alikuwa mwaka wa mwisho wa ukalimani. Kirundi, Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza, vyote vilipita kooni mwake bila kujikwaa. Wiki tatu zilibaki afanye mtihani wa mdomo, na akifaulu, kazi ya ukalimani mahakamani ilikuwa inamngoja. Sauti ndiyo ilikuwa mtaji wake, naye aliigawa kama njugu: Thierry, Mkongomani aliyelinda duka usiku, akichelewa, Goreth alikaza koo kule nyuma akaitika kwa besi, "Present, sir!"

Jumanne moja ya baridi kali, vidole vya Dakta vikiwa vimekufa ganzi, alifungua ukurasa wa zamani bila kujua. Akasoma jina la juu, macho chini.

"Ezra Tuttle."

Goreth akadhani ni mgeni aliyekwama kwenye taxi. Huruma ikamponza. "Present, sir!"

Kiti kitupu kando yake kikatoa mlio, kama kimepokea mtu.

Dakta aliliona kosa lake, akageuza ukurasa, akaendelea. Wakubwa hawakosei, bwana.

Thierry aliingia akihema. "Dada Goreth, umemwaga maji?"

"Sijamwaga."

"Mbona kiti kinatona?"

"Nong'ona, Thierry. Kuna mtu hapa."

"Eish, dada, usinianze. Sijalala mimi." Kisha akanusa. Ilikuwa harufu ya sufu iliyolowa, na mshumaa wa mafuta ya ng'ombe uliozimwa sasa hivi.

Kesho yake Goreth alipoitwa jina lake mwenyewe alifungua mdomo, na hewa ikatoka tupu, lakini "Present, sir" ilisikika, safi, yenye kile kilafudhi chake cha Bujumbura, ikitoka kwenye kile kiti kitupu kilichokuwa kimeanza kuganda barafu nyeupe miguuni kama friji ya spaza, vile viduka vya uani, na wenzake wakageuka mmoja mmoja wakicheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu midomo ya Goreth ilikuwa imefungwa, machozi yanamtiririka, na sauti yake ilikuwa bado inaendelea, polepole, "Present, sir, present, sir," kama mtu aliyenyimwa maji miaka mingi na sasa ameshikishwa kikombe.

"Goreth, acha utoto," Dakta alisema bila kuinua kichwa.

Mapumzikoni Thierry alikifungua kitabu mezani kwa Dakta, akamsomea Goreth kwa kunong'ona. Ezra Tuttle, miaka kumi na saba, alishtakiwa kukata kamba ya kengele ya kanisa la chuo. Alikana. Adhabu: jina lake lisomwe kila asubuhi, na yeye asiitike, wala asiitikiwe na yeyote, mpaka akiri. Siku arobaini alisimama jukwaani. Ya arobaini na moja aliandikwa kafa kwa homa.

"Mon Dieu," Thierry alisema. "Na wewe umemwitikia."

Walikwenda mtaa wa La Rochelle, humohumo jijini, kwa Bi Zubeda, mganga wa Unguja. Alifukiza ubani, akasoma, akamshika Goreth koo, kisha akauzima moshi mwenyewe.

"Mwanangu, hawa majini wetu nawajua. Ukiwauliza wanataka nini watakwambia: marashi, halua, kitambaa chekundu. Huyu hataki kitu. Sauti ulimpa kwa hiari yako, mimi siwezi kumpokonya. Anayeshika orodha ndiye mwenye ruhusa. Amwite kwa jina, amwambie adhabu imekwisha, aende kwao."

Maneno mawili tu. Thierry alipiga magoti ofisini kumwomba Dakta ayaseme.

"Nifute hukumu ya wakubwa walionitangulia? Mimi?" Dakta alifunga kitabu. "Uchawi chuoni ni kosa. Goreth atasimama jukwaani siku saba. Bila kusema neno."

Alisimama. Na kila asubuhi yule wa pembeni yake, asiyeonekana, alisimama naye, akidondosha theluji iliyoyeyuka juu ya mbao, huku sauti ya Goreth ikiitikia majina ya darasa zima.

Siku ya mtihani alikaa mbele ya watahini watatu. Swali likaja kwa Kifaransa. Alifungua mdomo, mishipa ikamsimama shingoni, na hakikutoka hata kikohozi. Nyuma yao, mlango ukiwa umefungwa, mtu akajibu kwa sauti yake tamu: "Present, sir."

Wakamwandikia sifuri. Leo Goreth anaomba mkate dukani kwa kuandika kwenye karatasi.

Sasa Dakta Herménégilde, nanyi wajumbe wa bodi ya chuo mnaosaini maamuzi yake mkiwa mmesinzia: ukurasa mnaujua, jina mnalijua. Simameni kesho asubuhi mbele ya wanafunzi wote, mwiteni Ezra Tuttle, mwambieni adhabu imekwisha aende kwao, kisha mwiteni Goreth, mnyamaze, na mmsubiri aitike mwenyewe.