Bakuli la Makande

Kila alasiri akitoka shuleni Kimandolu, Silantoi huvua sare, huteka maji, kisha hukaa jikoni kuchambua maharage na mahindi ya makande. Alhamisi hiyo mikono ilikuwa kwenye bakuli la bati lililobanduka rangi ukingoni, lakini roho ilikuwa juu juu. Kesho Mwalimu Ndeshi angechagua kazi moja ya kwenda maonyesho ya sayansi.

Yeye na rafiki yake Najim walikuwa wamepima kama kuimba kunasaidia kukumbuka maneno mapya. Wanafunzi ishirini waliimba. Kumi na wanne wakakumbuka yote. Ishirini wengine walisoma kimya; kati yao kumi na mmoja wakakumbuka yote.

"Tumeshinda!" Najim alitamba, akiketi kando yake jikoni.

"Ngoja. Mwalimu alisema tuone kwanza kama si bahati tu."

Silantoi akahesabu maharage ishirini na matano, ndio waliokumbuka katika makundi yote mawili, na punje za mahindi kumi na tano, ndio waliosahau. Akachanganya. Kama kuimba hakusaidii, basi mtu akichota punje ishirini bila kuangalia, kama kundi la walioimba, maharage kumi na manne yangeweza kutokea mara kwa mara.

Najim alijifunga kanga machoni, akachota. Maharage kumi na mawili. Wakarudishia, wakachanganya, akachota tena. Kumi na manne! Katika michoto kumi, mitatu ilifika kumi na manne au kuzidi.

Najim alivua kanga. "Tuseme haikufika hata mara moja. Nani atajua? Nimeshatangaza shule nzima!"

Silantoi naye aliyataka maonyesho hayo. "Na wadogo zetu wakiacha kusoma, wakaimba tu mpaka siku ya mtihani, kwa sababu yetu?"

Najim alivuta daftari, akaandika: mitatu kati ya kumi.

Kesho yake Silantoi alisimama mbele ya darasa na bakuli lake la punje, akaeleza walivyochota. "Shikamoo, Mwalimu. Hatuwezi kusema kuimba kunasaidia. Hata bahati inaleta tofauti kama yetu."

"Kwaya imeimba bure!" mwanafunzi mwenzao Elieza alidakia, darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Ndeshi hakucheka. Alivuta bakuli, akafumba macho, akachota punje ishirini. Maharage kumi na matano. Yalizidi hata yale kumi na manne.

"Mtakwenda maonyesho na bakuli hili hili," alisema.

"Tukirudi tupike?" Najim akauliza.

"Mkirudi mpime tena, kwa watoto wengi zaidi. Hamjasema kuimba hakusaidii. Mmesema ushahidi bado hautoshi. Wanangu, jibu tunalolipenda ndilo la kulipima kwa ukali kuliko yote."