Shujaa Aliyekohoa

Jamani, kwenye kompyuta shujaa alikuwa ameshaliua joka! Kisha shujaa huyo huyo akafika langoni, mlinzi mmoja mwembamba akamsukuma kidogo tu, akaanguka kifudifudi.

"Mama Nguvu, ndiyo nini hii?" shemeji yake alicheka. Ofisini walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwapangia nguvu wahusika wa michezo ya kompyuta. "Sasa hivi simba, sasa hivi kifaranga? Wachezaji watatutukana!"

Mama Nguvu akakagua. Nguvu zilikuwa kamili, vile vile alivyoziweka.

Kilichomshtua ni kikohozi. Sauti ya shujaa ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyeirekodi kabla kifua hakijamlaza, na katika rekodi zile hakukohoa hata mara moja. Sasa shujaa alikohoa, na chumba kikanuka dawa ya kuchua, ile aliyompaka mumewe mpaka siku ya mwisho.

Mwingine angetimua mbio. Yeye, masikini, alifunga mlango akavuta kiti.

"Mke wangu," shujaa alinong'ona, "nipe nguvu kidogo."

Mama Nguvu akaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta. Shujaa akainuka, na yeye magoti yakamlegea.

Ikawa ndiyo mazoea. Mama Nguvu akishinda naye kutwa, shujaa alivunja malango kwa bega. Shemeji akimlazimisha apumzike nyumbani, shujaa hakuweza hata kuinua upanga. Nguo zikaanza kumpwaya Mama Nguvu, ngazi zikamshinda, na mchana mmoja, ofisi imejaa watu na feni inazunguka, alizima kompyuta, lakini mkono wa baridi wa shujaa ukatoka kwenye kioo ukashika wa kwake, na kila alipojivuta ukazidi kumbana, huku sauti ikiendelea kuomba kwenye kioo cheusi, kwa upole ule ule wa mumewe, hata shemeji akaisikia akapiga yowe.

Shemeji akaleta mganga, mwanamke mwenye kikapu cha sokoni. Alinusa chumba akakunja uso.

"Huyu si mumeo, mwanangu. Ni jini, limevaa sauti yake."

"Najua," alijibu polepole.

"Unajua?"

"Mume wangu hakuwahi kuniomba kitu. Hata maji alijichotea mwenyewe, na anaumwa vile. Lakini sauti yake nitaipata wapi tena?"

Shemeji akageukia ukutani akalia. Aliyekufa alikuwa kaka yake.

"Linakaa humo kwenye sauti," mganga alisema kwa huruma. "Futa rekodi zote, kisha ulifukuze kwa kinywa chako."

Mama Nguvu akafuta ukelele wa vita. Akafuta kicheko. Ilipobaki moja, sauti ikatoka kwenye kioo.

"Mke wangu, unaniua mara ya pili?"

"Mume wangu nilimzika," alisema, machozi yakimtiririka. "Toka!"

Akaifuta. Kioo kikapasuka, harufu ikakatika.

Shujaa akapewa sauti ya mtu mwingine. Nguvu zake zikatulia, wachezaji wakamsifu, na Mama Nguvu naye akapata mwili kidogo. Asubuhi moja, akichemsha chai peke yake, alitaka kukumbuka mumewe alivyokuwa akimwita akirudi kutoka kazini. Akafumba macho, akangoja. Sauti iliyomjia ilikuwa ile ya kwenye kioo, ikiomba. Akajaribu tena, na tena. Nyingine hakuwa nayo.

Akazima jiko, akakaa sakafuni, akalia kama siku ya mazishi.