Mtaro Uliofukiwa

Kila asubuhi tukienda shule, mimi na Vera tuliruka mtaro uliotenganisha nyumba zetu pale mtaani Bwaise. Aliyetumbukia alibeba mkoba wa mwenzake mpaka shuleni. Mara nyingi nilibeba mimi, maana Vera ana miguu mirefu.

Mafuriko ya Aprili yalipopita, kila mtu alianza kujenga upya. Baba yangu, Jibril, alikuwa na duka, kwa hiyo aliweza kununua malori matatu ya udongo mwekundu. Aliinua ua wetu ukanifika magotini, na mtaro ukafukiwa humo humo. Mama Vera, mjane kutoka Kenya aliyeuza chapati, hakuweza kununua hata toroli moja. Nami nilitamba, "Safari hii maji yatatukoma!"

Jumamosi mvua ikanyesha. Lo! Nilisimama mlangoni nikaduwaa. Maji mekundu yalishuka kutoka barabara ya Bombo yakibeba mabeseni, mbao, hata mlango wa mtu. Yakagonga ua wetu, yakasita, kisha yakageuka yote kwa pamoja na kuingia kwa Vera. Kwetu halikuingia hata tone. Dirishani nilimwona Vera amepanda mezani, amekumbatia mfuko wa unga, analia. Furaha yangu ikaniishia hapo hapo.

Mvua ilipokatika, majirani walikuja kumpa Mama Vera pole.

"Ni kudra ya Mungu," Baba alisema.

Nilisema, "Baba, maji yalikuwa na njia yake. Sisi ndio tumeifukia."

Nilijua nitachapwa. Baba aliutazama ua wake mpya, akautazama unga uliolowa mlangoni kwa jirani. Akaingia ndani, akatoka na jembe.

Alichimba tangu adhuhuri mpaka magharibi, akiukata ua ule ule aliojivunia. Wallahi, sijawahi kuona jambo kubwa kama lile.

"Baba Lailah, unaharibu ua wako!" Mama Vera alishangaa.

"Nisamehe, Mama Vera. Nilijikausha kwa kukulowesha wewe. Kesho Lailah atakuletea unga kutoka dukani."

Kisha aliniwekea kichwani mkono wenye matope. "Umefanya vizuri kusema, mwanangu, hata kama aliyekosea ni mimi. Siku ukijenga nyumba yako, kwanza uulize maji yataenda kwa nani."

Jumatatu nilitumbukia tena mtaroni. Nilibeba mkoba wa Vera mpaka shuleni, na sikunung'unika hata kidogo.