Vitanda Kumi na Kimoja Vitupu

Walikutana kwenye foleni ya kutoa kopi mkabala na wizara, saa ya watu kubanana. Kijana alikuwa mtathmini wa wizara, shati limenyooshwa pasi mpaka linaogopesha. Binti alikuwa afisa ustawi wa jamii, gauni la kijani, raba zimelika visigino.

"Kaka, unanikanyaga."

"Samahani, dada. Ila hizo raba zimeshaona mengi."

Binti akacheka, na ndiyo ikawa pona ya kijana. Kufikia mwezi wa tatu wa kujuana, simu zao hazikuwa na mwisho.

"Umekula, mpenzi?"

"Chakula kitashukaje na wewe uko mbali?"

Kisha kijana akapewa kazi ya kupitia jinsi serikali inavyofadhili vituo vya watoto. Kituo cha binti kilikuwamo. Akakitembelea makusudi siku ambayo binti hayupo, asije akasemwa anapendelea. Akahesabu vitanda, akakuta kumi na kimoja vitupu. Akaandika: fungu lipunguzwe. Mwadilifu huyo! Hakumuuliza mtu watoto wamekwenda wapi.

Wiki mbili baadaye simu ikalia.

"Unajua wale kumi na mmoja wanalala wapi?"

"Mpenzi, mimi..."

"Usiniite mpenzi. Wako kwa bibi zao, kwa shangazi zao. Miaka miwili nimewatafutia ndugu mmoja mmoja, na nawatembelea kwa miguu. Sasa mkuu wangu anawarudisha wajaze vitanda, maana ninyi mnalipia kitanda tu. Leo nimemtoa mtoto mikononi mwa bibi yake. Alikuwa analia, na bibi analia."

"Si ungeniambia?"

"Si ungeniuliza?"

Simu ikakatwa. Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze. Ofisini walimpongeza kwa ripoti safi, na kila pongezi ilimchoma. Alikuwa amelinda jina lake, na mtoto ndiye aliyelipa.

Kwenye kikao cha kupitisha ripoti akasimama, jasho likimtiririka.

"Ripoti yangu ina kosa. Nilihesabu vitanda, sikuuliza watoto. Afisa wa kituo kile ni mpenzi wangu, nikamkwepa ili nionekane msafi."

Kuna aliyekohoa, kuna aliyecheka chini chini. Mkurugenzi akasimamisha punguzo, akamnyang'anya jalada mbele ya wote. Kijana akatoka akiangalia sakafu.

Kesho yake akamkuta binti mlangoni mwa kituo akifunga kamba za raba, mtoto kando yake na begi lake.

"Nimesikia," binti akasema.

"Bado naona aibu."

"Isikuishe upesi. Beba begi. Tunampeleka huyu kwa bibi yake, kisha tunapita nyumba kumi zilizobaki."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Ya kumi na mbili ni kwetu. Mama ana swali lake."

"Swali gani?"

"Anataka kujua unakuja kuposa au kuhesabu vitanda."